Asumini Hailali: Mazungumzo Yetu Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

 

Awali ya yote twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha leo. Miaka kumi si siku kumi. Tumekutana kila Ijumaa baada ya alasiri, kwa mvua na kwa jua, tukigombana na kupatana, na mkeka ni ule ule ingawa pembe zake zimeshaliwa.

Kamati imetutaka sisi wa upande wa bustani tuseme machache juu ya mafanikio na matatizo ya kikundi. Tuliketi siku tatu kuandika karatasi hii. Kila tukianza na habari za pesa, twajikuta tumerudi kwenye mti wa asumini. Mwisho tukasema, basi na tuuzungumzie huo mti. Hesabu za kikundi Mweka Hazina amekwisha kuzisoma, na wengi wenu hutusimamisha njiani mkatuuliza: "Nyinyi asumini zenu mwazifanyaje hata zikachanua hivyo?" Leo twawajibu, na hatufichi kitu.

TULIKOANZIA

Kikundi kilianza mwaka 2015, hapa hapa Likoni, tukiwa wanawake kumi na saba. Wengi wetu tulikuwa wauzaji wa vitu vidogo vidogo: mahamri, viazi vya karai, mkaa wa kopo. Sita kati yetu waliuza maua. Kila jioni hao sita walivuka feri na beseni zao mpaka Mji wa Kale, wakauza asumini kwa nyuzi na kwa vikuba, wakarudi usiku.

Sasa, asumini ni bidhaa ya ajabu. Mwenye mahamri akibakisha, watoto watakula asubuhi. Mwenye mkaa akibakisha, kesho ni mkaa vile vile. Lakini asumini iliyofunguka magharibi, kufika asubuhi imeshageuka rangi na harufu yake imekwenda zake. Bibi aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, ambaye habari zake tutazisema mbele, alikuwa na neno lake: "Asumini hailali." Maana yake, uza leo au tupa leo.

Taabu ni kwamba pesa zetu nazo zilikuwa na tabia ya maua. Zilipatikana jioni, na kufika asubuhi hazipo: nauli, unga, mafuta ya taa, deni la dukani. Bibi huyo ndiye aliyetuuliza siku ya kwanza juu ya mkeka: "Ua haliwekeki, lakini shilingi yawekeka. Mbona twaitendea shilingi kama ua?" Tukacheka, kisha tukanyamaza. Jioni ile tukakubaliana kila mtu aweke shilingi ishirini kwa siku na azilete Ijumaa. Ishirini kwa siku saba ni mia moja na arubaini. Kwa watu kumi na saba ni elfu mbili, mia tatu na themanini kila wiki. Tukanunua sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo tukawapa watu watatu wasio wa nyumba moja. Benki ilikuja baadaye.

MTI WENYEWE

Asumini yetu hii asili yake si pwani yetu. Asili yake ni upande wa Bara Hindi, ikasafiri na watu wa bahari mpaka ikawa mwenyeji. Hata jina lake limetupitia kwa Waarabu, nao wamelipata kwa Waajemi. Wataalamu wa mimea huiita Jasminum sambac. Ufilipino wameifanya kuwa ua la taifa tangu mwaka 1934, na Uchina watu huyanukiza majani ya chai kwa ua hili. Sisi huku tumeipa kazi zetu: nyuzi za nywele, vikuba vya kifuani pamoja na rihani na mkadi, makoja ya maarusi, na maua ya kutawanya kitandani.

Kwa tabia ni mmea wa kutambaa. Hauna vikono vya kushikia kama mpasheni; hutupa matawi marefu, nayo hujisokota na kuegemea. Ukiuacha huwa kichaka. Ukiupa uchanja au ua wa fito hupanda kadiri ya kimo cha mtu na kupita. Ziko aina zaidi ya moja. Iko ya petali chache, nyepesi, ambayo uzi hupita bila taabu. Na iko nene, iliyojikunja kama waridi dogo. Ile nene hupendeza macho, lakini mti wake hautambai sana na maua yake hayaji kwa wingi. Anayetaka biashara apande nyepesi. Anayetaka mapambo ya mlangoni, hata ile nene yafaa.

KOSA LETU LA KWANZA

Mkopo wa kwanza wa kikundi ulitolewa mwaka 2016. Wanachama kumi walipewa shilingi elfu moja kila mmoja, wanunue miche, fito na samadi, ili wauzaji wetu waache kununua matumba kwa watu. Jamani, twaungama mbele yenu. Tulipanda miche sitini. Iliyotimiza mwaka ilikuwa ishirini na miwili. Shilingi za ishirini ishirini, zilizotolewa kwenye nauli na kwenye unga, zilikauka mbele ya macho yetu. Wako waliotaka kuvunja kikundi siku ile.

Tukaketi tukatafuta sababu, na zilikuwa tatu.

Ya kwanza, tulipanda mwezi wa Mei, mvua ikiwa imepamba moto, tena katika mashimo yaliyotuama maji. Asumini yapenda maji, lakini haipendi kusimama ndani yake. Mizizi ilioza, na sisi tulipoona majani yanalegea tukadhani ina kiu, tukaizidishia maji.

Ya pili, wengine walimwagia maji ya kisima yenye chumvi. Haya maji yetu mwayajua. Ncha za majani ziliungua kana kwamba zimepitishwa motoni, kisha majani yakadondoka.

Ya tatu ni majivu. Tulifundishwa na wazee kutia majivu ya jikoni kwenye mimea, na kwa udongo wa mahali pengine ni sawa. Lakini wenzetu walio kwenye udongo wa tumbawe, udongo wao tayari una chokaa nyingi, na majivu huongeza yale yale. Mti ulioko kwenye chokaa nyingi hushindwa kupata madini ya chuma hata kama yamo ardhini. Utaona majani machanga yanakuwa manjano na mishipa yake inabaki kijani. Ukiona hivyo, dawa si majivu wala si maji. Dawa ni samadi iliyooza na majani yaliyooza, kwa wingi na kwa kurudia, na ukipata udongo mwekundu changanya.

Baada ya hapo tukajiwekea utaratibu ambao twaufuata mpaka leo. Shimo la futi moja na nusu kila upande. Udongo wa juu uchanganywe na samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa, si ya jana. Pale panapotuama maji, inua tuta na upande juu yake. Pale penye mwamba, panda katika debe au pipa lililokatwa, lakini litoboe chini. Mti na mti ziachane futi tano. Mahali pawe na jua la kutosha, si chini ya saa sita kwa siku, kwani asumini ya kivulini hutoa majani tu. Na kumwagia, mwagia maji mengi mara moja, kisha ngoja udongo wa juu ukauke ndipo urudie. Maji ya mvua yakingwe. Maji ya kusuuzia mchele yafaa pia. Ya sabuni, hapana.

MBUZI ALIYETUFUNDISHA

Miche iliyobaki ikakua, ikanenepa, ikafunika nyua. Tuliiona fahari. Lakini maua? Machache, tena juu kabisa, ya kufuatwa kwa ngazi. Bibi yetu alitwambia: "Ikateni." Hatukuweza. Mtu umekopa, umelia, umefukia miche thelathini na minane iliyokufa, leo uushike mti uliopona uukate kwa panga? Moyo haukubali.

Basi mwaka 2017 mbuzi wa jirani akakata kamba, akaingia kwa mwenzetu mmoja, akala asumini zake tatu mpaka zikabaki vijiti vya kimo cha goti. Kulikuwa na kesi hapo! Mwenzetu alilia, na mwenye mbuzi akatozwa. Lakini baada ya majuma machache vijiti vile vikachipua kila upande, na katika ncha ya kila chipukizi kukawa na matumba. Msimu ule yeye mwenye kuliwa na mbuzi ndiye aliyepeleka maua mengi Mji wa Kale kuliko sisi sote.

Sababu yake ni hii: asumini huchanua kwenye chipukizi jipya. Tawi kuukuu limeshamaliza kazi yake. Ukilikata, mti hutoa mawili au matatu mahali pake, na kila moja lina maua. Usipolikata, mti hulisha mbao. Sasa sisi twakata vikubwa mara moja kwa mwaka, kusi linapokaribia kwisha, mwezi wa Agosti au Septemba, ili machipukizi yaikute mvua ya vuli na maua yajae kaskazi, wakati wa joto. Twakata mpaka kimo cha goti au kidogo juu yake, twaondoa matawi makavu na yanayopandana katikati, kisha twatia samadi na kumwagia. Baadaye, kila mti ukimaliza kuchanua, twapunguza ncha tu kwa mkasi. Na mbolea ya dukani ya kukuza majani msiizidishe. Itawapa kichaka kizuri kisicho na ua.

NYUMBA YA BIBI

Sasa twafika kwenye jambo ambalo baadhi yetu hawakutaka lisemwe leo. Tumekubaliana liandikwe, kwa sababu kitabu cha ukumbusho kisichokumbuka makosa ni kitabu cha kujisifu.

Bibi yetu alikuwa na nyumba lakini hakuwa na ardhi. Mwajua mambo ya pwani yetu: mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya ardhi miaka na miaka. Mwaka 2018 kiwanja kikauzwa, na akaambiwa ahame kabla ya mwisho wa Agosti. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na asumini alizozipanda alipokuwa mwari wa miaka michache ndani ya ndoa. Mashina yake yalikuwa mazito kama mkono wa mtoto. Maua ya miti ile ndiyo yaliyosomesha wanawe.

Wakati huo alikuwa na deni la kikundi la shilingi elfu saba na mia tano, na alikuwa hajalipa miezi mitatu. Katiba yetu ilisema asiyelipa miezi mitatu aandikiwe barua na akiba yake izuiwe. Nasi tukamwandikia. Ndiyo, sisi hawa mnaotuona. Barua ilipelekwa na mtoto, hatukuwa hata na uso wa kuipeleka wenyewe. Aliyekiasisi kikundi, tukamwandikia barua kama mgeni.

Ijumaa iliyofuata akaja na barua ile mkononi, akaketi mahali pake pa siku zote. Wengine wakasema deni lisamehewe. Wengine wakasema tukimsamehe mmoja kesho watakuja kumi, na pesa ni za wote. Sauti zikapanda. Yeye akangoja tukachoka, kisha akasema: "Sikuja kuomba kusamehewa. Nina mali, na mali yangu itang'olewa mwisho wa mwezi. Nunueni."

Tukamwuliza ni mali gani. Akasema: "Matawi."

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwake wote, na mikasi na ndoo. Tulikata vipandikizi mia mbili na arubaini, na kikundi kikanunua kila kimoja kwa shilingi thelathini, bei aliyotuuzia mwenye kitalu mwaka 2016. Ikawa elfu saba na mia mbili. Mia tatu iliyobaki aliilipa mwenyewe Ijumaa ile ile, ya sarafu, akaihesabu mbele yetu na akataka tutie sahihi. Baada ya hapo akahamia kwa binti yake Mtongwe. Na katiba tukaibadilisha: asiyelipa miezi mitatu haandikiwi barua, hutembelewa na watu watatu, wakaulize kuna nini. Kifungu hicho kimo mpaka leo, na tangu kiwekwe hatujapoteza mkopo hata mmoja kwa mtu kukimbia.

Jinsi alivyotufundisha kupandikiza siku ile ndivyo hivi. Chukua tawi lisilo changa sana wala gumu sana, urefu wa shibiri, lenye pingili tatu au nne. Majani ya chini ondoa, mawili ya juu yakate nusu yasinywe maji mengi. Chomeka pingili mbili ndani ya mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, kivulini, na udongo uwe na unyevu lakini usilowe. Tangu mifuko ya plastiki ya dukani ilipopigwa marufuku mwaka 2017 sisi hutumia makopo na pakiti za maziwa, tukazitoboa chini. Kwa mwezi mmoja hadi mwezi na nusu mizizi huwa imetoka. Usivute kuangalia! Jani jipya litakwambia. Mbegu msizingojee, maana mti huu kwa kawaida hauzai mbegu.

Asiye na haraka na alaze tawi. Tawi refu lililo karibu na ardhi likwaruze kidogo chini ya pingili, lifukie hapo, weka jiwe juu, na ncha iachwe nje. Baada ya miezi miwili au mitatu likate kutoka kwa mama yake na ulihamishe. Kwa njia hii huwa hakipotei kitu.

Katika vile mia mbili na arubaini, vilivyoshika vilikuwa mia moja na tisini. Karibu miti yote mnayoiona katika nyua za wanachama leo ni watoto wa miti ile.

KUCHUMA NA KUUZA

Tumba la kuchumwa ni lile lililojaa na kuwa jeupe lakini halijafunguka. La kijani liache, ukilichuma halitafunguka kamwe. Twachuma baada ya alasiri, jua likiwa limepoa, kwa vidole na si kwa kuvuta. Twayaweka ndani ya jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu. Maji yakizidi, ua hupata madoa. Twatunga yakiwa matumba, ili yafunguke yakiwa kichwani mwa mwenyewe. Hapo ndipo mteja husema, "Kesho niletee tena."

Mwaka 2019 tulipata somo jingine. Tuliagizwa makoja ya harusi kubwa kwa maneno tu. Wanawake wanane wakachuma na kutunga mchana kutwa. Jioni tukaambiwa kumetokea msiba, harusi imeahirishwa. Msiba ni wa Mungu, hatukuwa na la kudai. Lakini makoja yalikuwa yameshafunguka. Tuliyagawa bure mtaani, na kila mtoto wa kike alilala na asumini usiku ule. Tangu hapo, agizo la harusi hulipiwa nusu kwa simu siku mbili mbele. Anayeona vibaya twamwambia kwa adabu kwamba asumini hailali.

Neno juu ya wadudu. Vidung'ata weupe kama pamba hukaa chini ya majani na kwenye vifundo. Twawaosha kwa maji ya sabuni kidogo, kisha kwa maji matupu. Wako viwavi wanaotoboa matumba. Tumba lenye tundu chuma, usitupe chini, lichome. Dawa kali za kunyunyizia hatutumii wakati wa maua. Hili ni ua la kuwekwa kwenye nywele na kulaliwa usoni. Si haki kumuuzia mtu sumu aivute usiku kucha.

MWAKA WA KUFUNGIWA

Mwaka 2020 hakuna asiyeukumbuka. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Saa moja jioni ndiyo saa ya asumini! Harusi zikazuiwa. Mwezi wa Mei Mji wa Kale ukafungwa, hakuingii mtu wala hakutoki mtu. Maua yakafunguka kwenye miti kama kawaida yake, yakadondoka. Asubuhi twafagia uwanja mweupe. Wengine wetu tulilia kwa kufagia tu.

Tulikuwa wanachama ishirini na wanne wakati huo. Tukaitana kwa simu, na tukaamua mambo matatu. Kwanza, mikopo yote isimame, isizae kitu. Pili, kila mwanachama apewe shilingi elfu tatu kutoka kwenye akiba, aliyekopa na asiyekopa. Hiyo ilikuwa elfu sabini na mbili, na ilikuwapo, kwa sababu ya zile ishirini ishirini. Tatu, palikuwa na rai ya kung'oa asumini tupande mchicha. Tukasema mchicha na upandwe, lakini katikati ya miti, na asumini zikatwe fupi zisubiri. Kwa kuwa hakukuwa na wa kumuuzia, tulizikata bila huruma kuliko wakati wowote.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Harusi zilipojaa kaskazi ile, miti yetu ilikuwa tayari. Katika miezi minne wanachama waliokopa walianza kulipa tena, na mwisho wa mwaka 2022 zile elfu tatu tatu zilikuwa zimerudi zote sandukuni, ingawa hakuna aliyewahi kutakiwa azirudishe.

Bibi yetu aliiona hiyo. Alifariki mwaka huo huo wa 2022, Mungu amrehemu. Kitabu chake cha akiba tunacho. Ukurasa wa mwisho una mkono wake, na deni ni sifuri.

MWISHO

Ndugu zetu, hatukusimama hapa kusema kwamba asumini itamtajirisha mtu. Hapana. Ni maua ya shilingi chache chache, ya kuchumwa kwa mgongo ulioinama. Lakini uwanja mdogo, hata debe moja mlangoni, lamtosha mwanamke kupata ile ishirini ya kwanza bila kumwomba mtu. Na akishaipata, asiitendee kama ua.

Kwa mabinti zetu walioketi huko nyuma na simu zao: mkeka una nafasi. Siku hizi twaweka shilingi hamsini kwa siku, na hesabu zaweza kutumwa kwa simu, lakini Ijumaa twataka kuwaona kwa macho.

Twawashukuru wazee wa mtaa kwa uwanja huu, na waume zetu waliotuchimbia mashimo, hata wale waliochimba huku wakinung'unika. Twamshukuru pia mwenye mbuzi, ambaye leo ni mwanachama.

Mwisho kabisa, mlangoni kuna miche sitini ndani ya makopo, idadi ile ile tuliyoianza nayo vibaya. Kila mgeni achukue mmoja, ni zawadi. Mkifika nyumbani msiipande leo. Iwekeni kivulini siku tatu izoee, kisha ipandeni jioni mahali penye jua na pasipotuama maji. Ikishika, msiogope kuikata.